Muuza sabuni aliyewafundisha wasomi kukaa kitako

RUMONGE. Saa mbili na robo asubuhi, Mwanvua binti Kalume ameshakataa vikombe viwili vya chai na kukubali cha tatu. Amevua ndala zake mlangoni, amekunja miguu juu ya mkeka, na sasa anazungumzia harusi ya Jumapili kama mtu ambaye hana pa kwenda mpaka Jumapili yenyewe ifike.

Kando yake ameketi Providence, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa utabibu kutoka Bujumbura. Anatazama saa yake. Anamtazama Mwanvua. Anatazama saa tena, labda imejirekebisha.

Mwenye nyumba, mama wa watoto watano, ameshajibu salamu kama kumi hivi. Nyumbani? Kuzuri. Watoto? Hawajambo. Na ile milio ya risasi ya jana mlimani? Salama tu, ilikuwa ya mbali, tulilala. Na bei ya mawese? Hapo mama anavuta pumzi ndefu, maana bei ya mawese mjini Rumonge ni msiba wa wote, na wote wanaruhusiwa kuulilia.

Dakika ya ishirini na mbili inapita. Ndipo mwenye nyumba, kama aliyekumbuka chungu alichokiacha motoni, anaposema: "Lakini huyu wangu wa tatu... tangu juzi tumbo linamwendesha."

Providence anaruka na kalamu. Mwanvua, bila kumtazama, anambana goti.

"Pole sana, dada yangu," anasema Mwanvua. "Yuko wapi tumwone?"

Mtoto yuko nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka pale chai inaponywewa. Alikuwa hapo muda wote.

Hiyo ndiyo kazi ya Mwanvua, mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge. Kwenye karatasi za chuo kikuu anaitwa mtafiti msaidizi. Yeye mwenyewe ana maelezo mafupi zaidi.

"Kazi yangu ni kusubiri," anasema. "Wengine nchi hii wanasubiri mshahara, wengine wanasubiri amani. Mimi nasubiri watu waseme 'lakini'."

Kabla ya chuo kikuu kumgundua, au kabla yeye hajakigundua chuo kikuu, Mwanvua alikuwa mpika sabuni. Bado ni mpika sabuni. Sabuni yake ni ya mawese, nyeusinyeusi, yenye harufu ambayo wateja wanaiita kali na yeye anaiita ya kweli. Kwa miaka kumi na mmoja ameizungusha mjini ndani ya beseni kichwani, mlango kwa mlango. Mumewe, Assumani, ni fundi wa baiskeli.

Wiki ikiwa njema, sabuni humwingizia kama faranga 700 kwa siku. Chuo kikuu humlipa 1,500, ila kwa zile siku tu ambazo wanafunzi wamefika. Na wanafunzi hufika pale tu msafara unaosindikizwa na wanajeshi unapopita salama katika barabara ya ziwani. Kwa hiyo mshahara wake unategemea sayansi, na sayansi inategemea askari wameamkaje.

Shule aliiacha darasa la sita. "La saba niliona kwa dirisha," anasema. "Lilikuwa zuri."

Mambo yalianza mwezi wa pili mwaka huu wa 2002, vita vyetu hivi vikiwa vimeingia mwaka wa tisa. Shirika moja la misaada liliahidi kuujengea mji wa Rumonge bomba la maji safi la umma. Bomba moja. Si mawili. Mabomba yenyewe hayapiti kirahisi barabarani siku hizi, na fedha ni zile zile. Mitaa minne ilililia.

Wakuu wa komini, ndiyo serikali ya mji, badala ya kugombana mpaka mvua inayofuata, wakafanya jambo la ajabu: waliuliza swali. Wakakiomba chuo kikuu kimoja cha Bujumbura kiwaambie ni mtaa gani unaoumizwa zaidi na maradhi ya maji, kuhara na kipindupindu. Mtaa huo ndio ungepewa bomba.

Kitivo cha utabibu kilifurahi. Miaka yote kilikuwa kinawafahamu wagonjwa wanaofika hospitalini wenyewe. Kwa nini mtaa huu unaugua na ule wa jirani hauugui, wakati wote wanaoga ziwa moja, hakuna aliyewahi kwenda kuhesabu. Kikafungua ofisi ya utafiti katika chumba kilicho nyuma ya ghala la mawese: meza mbili, rafu moja, na ramani ya mji ambayo ziwa lake limepakwa kijani kwa sababu kalamu ya buluu iliisha.

Wanafunzi wanane wakateremka na msafara. Kwa siku mbili walipita katika nyumba 212 za mtaa wa Waswahili. Walikuwa safi, wenye adabu, na wenye haraka, kwani msafara ulikuwa unarudi saa tisa na hausubiri daktari wala mgonjwa.

Kila mlango waliuliza: "Amahoro! Hapa nyumbani kuna mgonjwa?"

Kila mlango walijibiwa: "Hakuna, alhamdulillah. Tuko salama. Karibuni mukae."

Sasa, yeyote aliyelelewa katika mtaa ule anajua kwamba hilo si jibu. Huko ni kufungua mlango tu. Kumtwisha mgeni habari mbaya kabla hajakaa ni kama kummwagia maji ya vyombo miguuni. Mabaya huja baadaye, pamoja na chai, na hutanguliwa na neno "lakini". Wanafunzi wale wengi walilelewa milimani kwa namna nyingine. Wakashukuru, wakaandika "hakuna", wakaenda mlango wa pili.

Matokeo: nyumba 212, wagonjwa sifuri.

Kwa mujibu wa karatasi zile, mtaa wa Waswahili, unaochota maji ziwani palepale samaki wanapoparwa magamba, ulikuwa na afya kuliko ikulu.

"Mimi mwenyewe nilisema hakuna," anakiri Mwanvua. Siku ile binti yake Aliya, wa miaka minne, alikuwa nyuma ya pazia siku ya tatu akihara, macho yameingia ndani. "Yule kijana alikuwa na tai! Mtu mwenye tai utamwambia habari za kuhara amesimama mlangoni? Nikamwambia karibu ukae. Akasema hana muda. Sasa na miye ningefanyaje?"

Aliya aliponywa kwa maji ya chumvi na sukari aliyopewa zahanati. Kwa sasa ni mzima kiasi cha kuwa mwizi wa sukari hiyohiyo.

Habari za matokeo zililetwa mtaani na shefu wa mtaa, Mzee Abdulhamid. Alikuja anacheka. Alisimama barazani kwake akatangaza kwamba Waswahili wameongoza, wamekuwa wa kwanza kwa afya katika Rumonge nzima, na kwamba watu wa mitaa mingine wajifunze usafi kwetu.

Watu walipiga makofi. Kisha mtu mmoja akauliza bomba litafika lini.

"Bomba linakwenda kwa wagonjwa," alijibu Mzee Abdulhamid, na walioshuhudia wanasema uso wake ulibadilika sentensi ikiwa bado mdomoni. Aliye wa kwanza kwa afya ni wa mwisho kwa bomba.

Mwanvua hakwenda kulalamika barazani. Alijitwika beseni lake la sabuni akaenda moja kwa moja ofisini nyuma ya ghala, ambako alimkuta Providence akipanga karatasi.

"Nimekuja kushtaki waongo," alimwambia.

"Waongo gani, mama?"

"Miye. Na majirani zangu mia mbili na kumi na moja."

Providence anasema alifikiri amekuja kuuza sabuni na kwamba hayo ndiyo maneno ya biashara ya huku. Lakini Mwanvua alimshika mkono, akampeleka nyumba tano. Iliwachukua asubuhi nzima na vikombe visivyohesabika. Katika nyumba tano walikuta wagonjwa wanne.

Mkuu wa utafiti, Profesa Darius, ni mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Nyumba tano kwa asubuhi moja," alisema. "Mama Mwanvua, kwa mwendo huo tutamaliza mji huu vita vikiisha."

"Basi vitaisha tukiwa na kazi," alijibu Mwanvua. "Wengine watakuwa hawana."

Profesa alitoa wiki tatu. Ripoti ilikuwa lazima isomwe kominini Alhamisi ya pili ya mwezi wa nne. Isiposomwa siku hiyo, bomba lingekwenda mtaa wa jirani, ambao ulikuwa umeandikiwa nyumba 31 zenye wagonjwa na wenyewe walikuwa wameshaanza kupima mahali pa kuweka ndoo.

Somo la kwanza alilotoa muuza sabuni kwa chuo kikuu lilikuwa la chaki. Vitabu vya utafiti vinasema kila nyumba ipewe namba na namba iandikwe mlangoni. Mwanafunzi mmoja aliandika moja, vizuri sana, kwa mwandiko wa shule. Mwanvua aliifuta kwa kanga yake kabla vumbi la chaki halijatulia.

"Mwaka huu, mlango ukiamka na namba, wenye nyumba hawalali humo," anaeleza. "Wataondoka wote na mgonjwa wao mgongoni. Hujui orodha inakwenda kwa nani. Nchi hii watu wameandikwa, hawakurudi."

Hakuna aliyebishana naye. Kwa hiyo nyumba ziliandikwa kwa majina ambayo mtaa wenyewe unazitumia: Mlango wa Buluu, Redio Mbovu, Penye Mpapai Dume. Leo, ndani ya kompyuta ya kitivo huko Bujumbura, kuna mstari unaosomeka: "Nyumba ya Bata. Watu tisa, wagonjwa wawili, bata kumi na mmoja." Hesabu ya bata iliongezwa na mwanafunzi. Mwanvua anasema hakumtuma.

Somo la pili lilikuwa kukaa. Wanafunzi walifundishwa kuvua viatu, kukataa chai mara mbili ili ya tatu iwe na heshima, na kutotoa kalamu mfukoni kabla mwenye nyumba hajasema lile neno. Providence, aliyefika hapa akiwa bingwa wa kutembelea nyumba kumi na tano kwa saa, alifeli mara nne mfululizo; ile asubuhi ya goti kubanwa ilikuwa mojawapo.

"Nilikuwa naifuata orodha ya maswali," anasema. "Mama Mwanvua akaniambia, wewe unauliza kama askari wa kizuizini. Donc, basi, nilianza upya. Sasa najua harusi zote za Rumonge mpaka mwezi wa nane."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka wiki ya pili. Hapo uvumi ulienea kwamba bomba linafuata wagonjwa, na mtaa ambao haukuwahi kuugua ukaugua wote kwa siku moja.

Vijana waliocheza mpira Jumamosi walikutwa Jumatatu chini ya mablanketi matatu, saa sita mchana, jua la Rumonge likiwa juu ya bati. Bwana mmoja alishika tumbo kwa mkono wa kulia, na alipokumbuka kwamba anatakiwa kumsalimu Providence kwa mkono huo, akahamisha ugonjwa kushoto.

Chuo kikuu kina vipimo vya kumtambua mgonjwa wa kweli, lakini vipimo vinahitaji maabara na maabara iko Bujumbura. Mwanvua alikuwa na chake.

"Sabuni," anasema. "Nyumba yenye mtu anayehara inamaliza mche mmoja kwa siku mbili. Mashuka, nguo, mikono, ndoo. Na wote wananunua kwangu! Wewe mche niliokuuzia wiki iliyopita bado uko pale dirishani, umekaa kama bwana harusi, halafu unaniambia nyumba nzima inahara? Inajifuta na nini, na salamu?"

Profesa Darius alimwomba arudie maelezo hayo polepole, akayaandika. Tangu siku hiyo fomu ya chuo kikuu ina swali jipya, la kumi na saba: mche wa sabuni wa mwisho ulinunuliwa lini, na umebaki kiasi gani?

Kwa kipimo hicho Mwanvua alizifuta nyumba 19 ambazo ugonjwa wake ulikuwa wa kuigiza. Nyumba 18 zilicheka, zikasema angalau tulijaribu. Ya kumi na tisa haikucheka. Ilikuwa ya Bi Mariyamu, mama mzazi wa Assumani. Mama mkwe wake.

Providence alikuwepo, na husimulia kisa hiki hata asipoombwa. Bi Mariyamu alikuwa kitandani anagugumia, kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

"Nakufa, mkwe wangu," alisema. "Andika."

"Pole, mama. Mbona midomo inameta mafuta?"

"Ni jasho."

"Jasho linanukia mukeke wa kukaanga?"

Sahani ya samaki ilikuwa chini ya kitanda, na mukeke, kama ajuavyo kila mtu wa ziwa hili, si samaki wa kufichwa. Bi Mariyamu aliinua kichwa.

"Mwanvua, andika. Mimi ndiye niliyekutafutia mume."

"Mume ni mtoto wako, mama. Hukwenda mbali."

Akamfuta. Bi Mariyamu akaacha kusema naye kuanzia saa ile. Jambo lolote lilipitia kwa Assumani, hata kama wote watatu wameketi kwenye mkeka mmoja. "Assumani, mwambie mkeo chumvi imezidi." "Mama, amekusikia." "Mwambie tu."

Hiyo Alhamisi ikafika. Ukumbi wa komini ulijaa. Upande mmoja walikaa watu wa mtaa wa jirani na ndoo zao za matumaini, upande wa pili Mzee Abdulhamid na Waswahili wake. Mbele alikaa Madamu Esperance, mwakilishi wa shirika lenye bomba, mwanamke wa sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu.

Profesa Darius alisoma. Mtaa wa Waswahili: nyumba 212, nyumba zenye mgonjwa ndani ya wiki mbili 58. Waswahili walianza kushangilia kuugua kwao, jambo ambalo halijapata kuonekana katika ukumbi ule.

Madamu Esperance aliinua mkono.

"Profesa, murakoze, asante sana. Lakini mwezi wa pili mliniletea sifuri. Leo ni hamsini na nane. Na hii ya leo imeongozwa na mama anayekaa mtaa huo huo na anayelitaka bomba. Niamini ipi?"

Lilikuwa swali la haki, na ubaya wa maswali ya haki ni kwamba huwezi kuyakasirikia. Profesa alimtazama Mwanvua. Bomba lote, mfereji, mita na koki zake, vilikuwa vimening'inia hapo.

Mwanvua alisimama. Ndani ya beseni lake siku hiyo hakukuwa na sabuni bali vikaratasi 212 vya majina ya nyumba.

"Madamu, usituamini," alisema. "Chagua mwenyewe, twende."

"Nichague ngapi? Msafara unaondoka saa tisa."

"Kwa kusimama mlangoni, zote. Kwa kukaa kitako, mbili."

Madamu Esperance aliingiza mkono akatoa viwili. Cha kwanza kilikuwa Nyumba ya Bata.

Pale mlangoni, Madamu aliuliza mwenyewe kama kuna mgonjwa. "Hakuna, alhamdulillah," alijibu mwenye nyumba, akitabasamu. "Karibuni mukae." Madamu alimgeukia Profesa na nyusi zikiwa juu.

Profesa aliinama akavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha msomi kikawasalimu wote. Akakaa kitako, magoti yakilia kama mlango wa ghala. Alikataa chai, akaikataa tena, akaipokea. Aliwasifu bata. Aliuliza yule dume mkubwa anakula nini. Alilalamikia bei ya mawese kwa ufundi ambao Mwanvua, pale pembeni, aliutikisia kichwa kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi wake akisoma.

Dakika ya kumi na nane, mwenye nyumba alishusha sauti. "Lakini baba yangu mzee, na huyu mdogo wangu..."

Walikuwa chumba cha pili. Madamu Esperance aliingia, akaona ndoo, akaona mche wa sabuni uliobaki kipande kama ukucha. Alitoka nje.

Akafungua kikaratasi cha pili. Alikisoma kwa sauti: "Kwa Bi Mariyamu."

Mwanvua, ambaye hakuogopa chaki, risasi wala profesa, alionekana kutafuta mahali pa kuketi.

Habari za wageni zilikuwa zimetangulia. Walipofika, Bi Mariyamu alikuwa kitandani kwa vazi la ugonjwa mkubwa, blanketi mpaka kidevuni. "Nakufa," alisema kabla ya salamu. "Nahara tangu Jumatatu. Mtuletee robine, bomba hilo, wanangu, nife nimenawa."

Madamu Esperance alitazama fomu. Akamtazama mgonjwa. Akarudi kwa fomu.

"Hapa pameandikwa hakuna mgonjwa. Pamefutwa." Akamgeukia Mwanvua. "Huyu bibi anaumwa. Kwa nini ulimfuta?"

Mwanvua akisema bibi ni mzima, anamvunjia heshima mama wa mumewe mbele ya wageni. Akisema ni mgonjwa, basi fomu yake ni ya uongo, na iliyobaki yote pia.

"Ni mama mkwe wangu," alisema hatimaye, sauti ikiwa ndogo. "Na mche wake wa sabuni haujakatwa."

Blanketi lilitupwa ukutani.

"Mumemsikia?" Bi Mariyamu alikuwa ameketi wima, mzima kama ngoma. "Hata mbele za watu ananifuta! Nimelala hapa mara mbili, mgongo unaniuma kwa kulala, kwa ajili ya bomba lake yeye! Kuna mkwe kama huyu? Assumani! Assumani yuko wapi, amwambie mkewe!"

Profesa Darius alivua miwani akajifanya kuipangusa. Providence alikuwa ametoka nje, na kicheko chake kilisikika mpaka barazani kwa Mzee Abdulhamid. Madamu Esperance alijizuia, akajizuia, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, akacheka mpaka akaomba maji. Alipopewa aliyatazama kwanza, akacheka tena, hakuyanywa.

"Umewafuta wangapi hivi?" aliuliza.

"Kumi na tisa, Madamu."

"Na ukamfuta na huyu."

"Huyu nilianza kwa kumwonea aibu," alisema Mwanvua, "halafu nikamfuta."

Madamu Esperance alitia saini juu ya goti lake, humohumo chumbani. Bi Mariyamu, alipoambiwa kwamba bomba limepatikana, na kwamba limepatikana kwa sababu yeye si mgonjwa, alifikiri kidogo. "Basi niliwasaidia," alisema. "Assumani amwambie hilo pia."

Mfereji ulianza kuchimbwa Jumamosi, pembeni mwa soko la mawese. Maji hayatatoka kabla ya wiki tatu, lakini ndoo ya kwanza kwenye foleni imeshawekwa. Ni ya Bi Mariyamu, na ina jiwe juu ili isisogezwe.

Chuo kikuu nacho kimepata cha kujifunza. Profesa Darius anasema ofisi ya nyuma ya ghala haitafungwa, na kwamba kuanzia mwaka ujao kila mwanafunzi wa mwaka wa nne atakaa wiki mbili na Mwanvua kabla ya kukabidhiwa fomu hata moja.

"Takwimu tulikuwa nazo, vitabu tulikuwa navyo," anasema. "Tulichokosa ni mkeka."

Anataka pia kila mtaa uwe na mtafiti wake, mtu wa hapohapo. Na wa kwanza ameshajileta. Anaitwa Cibalonza, mwanika ndagala, yaani dagaa, wa kule pwani wanakoishi Wakongomani waliovuka ziwa kutoka upande wa Fizi. Alimfuata Mwanvua kwenye mfereji, mikono kiunoni.

"Dada, na sisi tunakufa na maji yale yale," alimwambia. "Wale wanafunzi wa kwanza walifika kwetu pia. Wametuandika wagonjwa mia tatu. Watu wenyewe tuko mia mbili sitini! Profesa amezitupa karatasi, anasema tunadanganya. Uje utuhesabu."

Mwanvua alikataa.

"Mimi pale watanidanganya mchana kweupe, na chai yao nitakunywa nikishukuru," anasema. "Kwa watu wangu najua uongo unaanzia wapi. Kwao sijui. Nilimwambia Profesa amfundishe yeye. Tumaini langu, mwakani kukipatikana bomba la pili, liende pwani kwa namba za Cibalonza. Nami nitakwenda kunywa."

Masomo yameanza Jumatatu hii. Saa tatu asubuhi Cibalonza amekaa mbele ya ile ramani yenye ziwa la kijani, na wanafunzi wanne wamekaa kwenye benchi wakimsikiliza. Providence anafungua daftari jipya na kuuliza swali la kwanza: kule pwani, mtu akae muda gani kabla ya kuambiwa ukweli?

Cibalonza anafikiri.

"Kwetu? Kwetu hukai," anasema. "Kwetu mugeni akifika tunalia kwanza. Mugongo, kichwa, vita, bei ya chumvi, mutu aliyekufa mwaka juzi. Hiyo ndiyo salamu. Ukiandika hiyo, umeandika maiti mia tatu. Unasema pole, unaondoka. Kesho yake unarudi, tumeshachoka kulia. Sasa unauliza, na tutakuambia: 'Tuko wazima, isipokuwa huyu mumoja.' Huyo mumoja ndiye mugonjwa. Muandike."

Kwenye benchi hilo, kati ya wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Mwanvua ameshatoa kalamu. Anaandika.